Kovu la Kidevuni

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri wa maktaba anakusanya visa vya kweli vya ubarobaro, avitoe kitabu. Kisa cha kinyozi jirani yangu kimepita! Yule yule anayesoma gazeti kwa kutazama picha. Tangu asubuhi ananiita msomaji wake. Sitatulia mpaka nami niingie humo. Tatizo ni moja: ubarobaro wangu hauna kisa. Nilikua tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kaka anacho. Alinyoa ndevu ambazo hazijaota, kwa wembe wa baba, eti ziwahi. Akajikata kidevu. Shuleni akasema kapambana na mwizi, shule nzima ikampigia makofi. Kisa kitamu, na kaka hana kazi nacho. Kuanzia leo ni changu.

Jumatano, 5 Machi
Mhariri ana masharti. Kila msimulizi aje Ijumaa na shahidi aliyemjua enzi hizo. Nitampeleka mama. Mama gani atamwumbua mwanawe hadharani? Sijamweleza kitu, nisimchoshe. Mke wangu anauliza wanja wake uko wapi. Nimesema sijui. Kovu limekaa vizuri mno.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Nilisimulia, mhariri akaacha hata chai yake. Nikaonyesha kovu. Mama akasema mbona aliyejikata ni kaka. Nikamkonyeza. Akasema nisimkonyeze, yeye ni mama yetu sote wawili. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu! Kisha akalamba kidole gumba, akanikamata shingo, akalifuta kovu lote. Mbele ya kinyozi, aliyekuja kusikiliza!

Hakuishia hapo. Akasimulia jinsi sauti yangu ilivyoanza kukwaruza nikadhani nakufa, nikamrithisha kaka viatu na kumwomba yeye mama asilie sana. Mhariri alicheka mpaka machozi. Kisa kimepita. Kwa jina la mama! Mimi humo naitwa mwanangu wa pili tu. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Mama anatembea kama mtaa ni wake. Haidhuru. Mhariri kasema kitabu kijacho ni cha visa vya uzeeni, na mvumilivu hula mbivu. Babu ana visa tele, tena hana habari na vitabu. Nywele nitazipaka unga kidogo. Shahidi nimeshampata, kakubali papo hapo: bibi. Kaishi na babu maisha yake yote, kila kisa anakijua. Hatakosea hata kimoja.