Kivinjari Chako Hakitambuliki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, Jairo Mwakisunga, Mratibu Mwandamizi wa Uratibu wa Mifumo. Waheshimiwa wachungaji, masheikh, wakulima wa Lufingo na Masukulu hapa wilayani Rungwe, kinamama wa parachichi, na wewe Mzee Anyosisye uliyekalia kiti changu. Kila mwenye cheo ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mzee hahami.)

Ndugu wananchi, tangu tutangaze Tovuti ya Miche ya Parachichi, ambayo bila kujisajili humo hakuna mkulima atakayepewa mche wa ruzuku msimu huu, tumekumbana na changamoto ya kompatibiliti, yaani kuoana, ya vivinjari, yaani zile programu za kufungulia mtandao, hususan kwa wanaotumia mifumo endeshi mbadala kama Linux, changamoto ambayo kwa mujibu wa fremuweki yetu tumeshaitatua kwa asilimia mia moja na nne. (Vigelegele kutoka meza kuu.)

Chukueni mfano wa Bi Naima, mwenye steshenari hapa Kiwira, ambaye kompyuta zake kuukuu anaziendesha kwa Linux kwa kuwa ni ya bure na haizielemei. Wakulima walijaa kwake kujisajili, na kila akifungua tovuti anaambiwa: "Kivinjari chako hakitambuliki." Akanipigia simu. Nikamwambia, "Mama, badilisha kivinjari." Akabadilisha. Nikamwambia abadilishe mfumo wote. Akaifuta Linux, akaweka ule wa maofisini, na tovuti ikamjibu vilevile! Ndipo nikamshauri, kitaalamu kabisa, abadilishe kompyuta. (Kicheko.)

"Nimeshaazima ya mwanangu wa Mbeya!" (Ni Bi Naima, amesimama nyuma.) "Na simu ya mchungaji! Zote zinasema hivyo hivyo! Mashimo tumeshachimba, mvua inaisha. Miche iko wapi, mheshimiwa?"

Ahsante, mama, kwa swali zuri ambalo limo kwenye mpango mkakati. (Minong'ono.) Nisingeweza kukaa kimya, hivyo niliwapeleka wadau Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye warsha elekezi, ambako tulikula samaki kwa majonzi makubwa, tukaazimia kwa kauli moja kwamba vivinjari vyenu vina matatizo.

"Basi fungua kwako tuone!" (Mzee Anyosisye, anaonyesha kompyuta ya meza kuu.)

Naam, nafungua. (Skrini kubwa inawaka: Kivinjari chako hakitambuliki. Watu wanacheka mpaka turubai linatikisika.) Mnaona? Hata mimi! Huo ndio usawa mbele ya mfumo! Rungwe ya kidijitali! (Anainua ngumi.) Rungwe! (Wananchi: "Miche!")

Kwa kuhitimisha, namshukuru fundi Lazaro, aliyeiandika sentensi ile ya kivinjari kwa kijani cha kupendeza, tukaibandika mtandaoni peke yake. Zaidi nawashukuru ninyi, kwani muda wote mliokuwa mkihangaika na vivinjari vyenu, sisi tulikuwa tukitafuta mtu wa kuanza kuitengeneza tovuti, na hadi napanda jukwaani hajapatikana. Ndaga fijo, asanteni sana, tawanyikeni kwa utulivu.

(Hakuna anayetawanyika.)