Siri ya Shoti

Jumatatu, 2 Julai 1979
Mzee Bujiku, mwenyekiti wa ushirika wetu hapa Nyahanga, katangaza: fundi atakayeharakisha hesabu za mizani ya pamba atapewa chumba cha ghala. Chumba chenye umeme wa jenereta! Mimi natengenezea redio jikoni kwa Salvina, kati ya sufuria na kuku anayeatamia. Mke wangu huyo kasema wazi: kufikia Jumapili, redio zitoke pamoja na mwenyewe. Kuku anabaki.

Mashine ya kujumlisha ninayo. Swichi za simu chakavu, balbu za tochi, nyaya zimezunguka kuta nne. Saba na nane inajumlisha kwa dakika sita. Jibu mara nyingi ni kumi na tano.

Jumanne, 3 Julai
Padri kanipa gazeti la Kizungu lenye picha ya kompyuta yenye kasi kuliko zote. Nimelisoma mwenyewe. Kiingereza cha darasa la nane hakiozi. Siri ya kasi: nyaya ziwe “short”. Shoti! Miaka ishirini nawakataza watu shoti, kumbe wenzetu wanaipiga kwa makusudi na wamenyamaza!

Jumatano, 4 Julai
Mwalimu Klara, mtoto wa dada yangu, hakuulizwa lakini kajibu. Ati neno hilo maana yake ni fupi tu: vifaa vikae jirani, umeme usitembee mbali. Nikamwambia shikamoo yake nimeipokea, ushauri abaki nao. Yeye kapigwa na shoti mara ngapi? Mimi kumi na moja.

Onesmo, fundi mwenzangu, naye anakitaka chumba. Hana hata waya. Kashinda ghalani akihesabu hatua za karani kutoka kwenye mizani hadi mezani. Thelathini na mbili, ati. Nimecheka hadi Salvina kaniletea maji.

Ijumaa, 6 Julai
Nimezichuna nyaya zote. Nimezigusanisha mahali saba. Nimepiga mluzi hadi usiku. Furaha, bila shaka.

Jumamosi, 7 Julai
Majaribio. Mashine nimeihamishia ghalani kwenye jenereta, wakulima wamejaa. Nikawasha. Paa! Cheche, moshi, jenereta ikakohoa ikazimika. Mzee Bujiku akauliza, kwa upole wake unaouma, kama jibu liko njiani au moshi ndio jibu lenyewe.

Kisha Onesmo akaisogeza meza ya karani hadi kwenye mizani. Basi! Foleni ikaisha kabla ya adhuhuri. Wamempa ufunguo. Kwa kusogeza meza! Hiyo nayo sayansi?

Jumapili, 8 Julai
Salvina ni mtu wa ahadi. Mimi na redio tuko kwenye upenu wa banda la mbuzi. Klara kaleta uji, akaniomba taratibu nikubali kwamba fupi ni fupi. Nikakataa taratibu.

Nimefungua ukurasa wa pili wa gazeti la Padri. Mashine hizo huchemka, hivyo hupozwa kwa kimiminika. Kimiminika! Kumbe shoti yangu haikuwa na kosa. Ilikosa maji tu.

Jenereta ikipona nitamwomba Onesmo aniazime soketi. Ndoo ninayo.