Bomba Lililovuja na Kibuyu cha Mama Mkwe

Jumanne, 6 Mei

Siku ya kumi na tisa bila Jepkosgei. Bado yuko kwa dada yake Brampton, mji wa jirani na Toronto yetu. Anasema hajaniacha, amekwenda kupumzisha masikio. Muuguzi mzima, miaka ishirini na sita ya ndoa, leo masikio ndiyo mgonjwa.

Kosa langu, kwa maelezo yake: nilimwandikia mkuu wa wodi yake barua kuhusu zamu za usiku bila kumwuliza yeye. Kurasa nne. Barua nzuri sana. Nilianzia viwanda vya pamba vya karne ya kumi na tisa nikashuka taratibu hadi wodini. Mkuu aliisoma kwa sauti mbele ya wauguzi wote.

Asubuhi, harufu ya petroli bustanini. Kali. Inatoka upande wa kijito, na upande wa kijito ni upande wa Bahadur. Jirani yangu Bahadur ni mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Mwanza, Mwismaili ambaye hata nyasi zake zimepanga foleni. Ana mashine ya kukatia nyasi inayotumia petroli. Ushahidi wa kutosha. Nikamwandikia malalamiko, kurasa tatu, nikayapitisha chini ya mlango wake saa nne kamili.

Saa nne na robo Bahadur alipiga simu namba ya dharura. Si kwa sababu ya barua yangu. Alisikia harufu, akateremka kijitoni, akakuta maji yana rangi za upinde wa mvua na bata wanatikisa vichwa. Akapiga simu. Basi. Hakuandika hata mstari mmoja.

Saa tano magari mekundu yamejaa barabara nzima. Bomba la mafuta linalopita ardhini nyuma ya nyumba zetu limevuja. Mzima moto akabisha mlango. Nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa hasira, hii ni serikali gani, naye akanijibu kwa Kiswahili: anaitwa Félicien, kwao Lubumbashi, na mambo ya serikali tutaongea baadaye, Papa. Dakika tano. Usiguse swichi. Usiwashe gari. Beba dawa na vyeti, toka.

Nikasimama jikoni. Juu ya kabati kuna kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya Wakalenjin. Kilikuwa cha marehemu mama mkwe. Jepkosgei alikivusha bahari akiwa amekifunga kwa blanketi kama mtoto. Wazo likaja lenyewe: mwenye kibuyu ndiye atakayetembelewa.

Nikabeba kibuyu. Nikatoka.

Jumatano, 7 Mei

Tumelala kwenye ukumbi wa michezo wa kituo cha jamii. Watu sitini, vitanda vya kukunja. Changu kiko chini ya kikapu cha mpira.

Jepkosgei alipiga simu saa mbili asubuhi. Aliuliza kama nimebeba dawa ya presha. Nikamwambia nimebeba kibuyu. Akauliza kama nimebeba soksi. Nikamwambia, kibuyu. Akauliza, Kinoti, uko sawa kichwani? Akiniita Baba Karimi, kwa jina la binti yetu aliye chuoni Halifax, nyumba ina amani. Akiniita Kinoti, ni tahadhari. Amesema hawezi kuja, yuko zamu.

Kama saa moja baadaye Bahadur alisimama kando ya kitanda changu na dawa ya presha mkononi. Alikuwa ameisikia simu yangu, akampigia mfamasia wangu na kueleza shida. Ndugu Kinoti, akasema, kidonge kimoja kila asubuhi, na usikimeze na hasira. Nikashukuru kwa ufupi.

Mkakati mpya. Popote walipo Wakenya watatu, kamati haikosi. Nikaitisha mkutano wa waliohamishwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, ajenda saba. Mwenyekiti ndiye atakayehojiwa na televisheni, na Brampton kuna televisheni. Nikaandaa hotuba ya dakika ishirini kuhusu nani hasa anamiliki ardhi iliyo chini ya vitanda vyetu.

Matokeo: Bahadur kura thelathini na moja, mimi mbili. Bahadur hakuwepo hata mkutanoni. Alikuwa anagawa chai. Kura yangu ya pili ilitoka kwa mkewe, Zebunissa, ambaye amenieleza waziwazi kwamba ilikuwa ya huruma.

Jioni Bahadur alihojiwa. Sekunde tisa. Aliwashukuru wazima moto akasema bata wanaangaliwa vizuri. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Kuhusu umiliki wa ardhi, hata neno.

Alhamisi, 8 Mei

Kila kitu kinanuka petroli. Nywele, mkate, kamati. Nikanusa kibuyu: nacho pia. Nikaona nafasi. Jepkosgei akija, akute urithi wake unang'aa.

Nikaenda jiko la kituo. Maji ya moto, sabuni ya vyombo ya limau, brashi ya waya. Nilisugua saa nzima. Uchafu mweusi ulitoka kama wino, suuza baada ya suuza. Nikamwonea huruma marehemu. Miaka yote hiyo hakuwa na brashi ya maana.

Jepkosgei alipopiga nikampa habari kama zawadi. Akauliza nimekiosha kwa kutumia nini. Sabuni. Sabuni gani? Ya vyombo, ya limau.

Halafu akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa. Kibuyu cha mursik hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Ule weusi si uchafu. Ni mkaa wa mti wa senetwet, mama yake aliusaga ndani kwa fimbo ya mkindu, mwaka baada ya mwaka, hata macho yalipokwisha, kwa kupapasa. Ladha yote iko pale. Ulikuwa mkono wake, Kinoti, akasema. Ndio ulikuwa umebaki.

Akakata.

Kwetu Meru kibuyu ni cha uji. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nimemlalamikia Zebunissa: miaka ishirini na sita, hakuna aliyeniambia. Yeye anafuma sweta, hakuinua hata macho. Akasema labda uliambiwa, kaka, ila ulikuwa unaongea.

Sikula chakula cha jioni.

Ijumaa, 9 Mei

Weusi uliotolewa unaweza kurudishwa. Hii ni sayansi. Senetwet haioti Toronto, lakini mkaa ni mkaa. Nyuma ya kituo, karibu na mapipa ya taka, kuna tawi kavu lililoanguka. Nikapata mkebe wa biskuti. Nikalowesha kidole nikapima upepo: unavuma kutoka upande wa ukumbi, si kuelekea kijitoni. Nimesoma vitabu vingi, najua mvuke wa petroli ni kitu gani. Nikawasha.

Upepo ukageuka.

Moshi ukaingia kwenye tundu la hewa la ukumbi. King'ora. Watu sitini wakatoka mbio na ndala, mara ya pili wiki hii. Bahadur alikuwa amembeba mama mmoja mzee mgongoni. Félicien alikuja na mtungi wa kuzimia moto na hakuuliza swali. Tulimwagiwa unga mweupe sote watatu: mimi, mkebe na kibuyu.

Papa Kinoti, akasema huku anahema, tunafyonza petroli mita mia tatu toka hapa. Tatu. Na wewe unapika nini?

Nikaanza kumweleza mila ya Wakalenjin. Akauliza kama mimi ni Mkalenjin. Nikasema hapana, Mmeru. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaandika kwa muda mrefu sana. Mwishowe akauliza ampigie nani aje kunichukua. Nilikuwa na namba moja tu ya kumpa.

Jepkosgei alifika na sare ya hospitali, hajavua hata kitambulisho. Hakunisalimu. Alichukua kibuyu mikononi mwangu, akakifuta unga kwa mkono wa sare, akaingiza pua mdomoni mwa kibuyu. Limau, akasema. Akakaa ukingoni mwa barabara.

Nilikuwa na hoja saba. Nzito, zote. Sikutoa hata moja. Nikakaa kando yake. Dakika kumi na mbili, labda zaidi. Sikumbuki mara nyingine maishani mwangu niliponyamaza hivyo.

Akasema mama yake angenikimbiza na hicho kibuyu hadi Kapsabet. Akacheka. Halafu akalia. Halafu akalaza kichwa begani kwangu, na unga wote ule, akasema amekimbia njia nzima akidhani nimeungua. Félicien alikuwa amesema moto tu, hakusema wa mkebe.

Nitakaa na wewe mpaka hatari iishe, Baba Karimi. Hayo ndiyo maneno yake kamili. Nayaandika hapa ili yasibadilike.

Tuliporudi ndani, Zebunissa alikuwa ameshaweka kitanda cha pili kando ya changu. Hakuna aliyemwomba.

Jumamosi, 10 Mei

Tumekwenda kutazama kijito kutoka nyuma ya utepe. Mikanda minene ya manjano imelazwa juu ya maji kuzuia mafuta yasiteremke ziwani. Malori yanafyonza mchana kutwa. Chini ya hema watu wanaosha bata, mmoja mmoja, kwa mswaki. Kwa sabuni ya vyombo. Nikafungua mdomo. Jepkosgei akaniwekea mkono kwenye mkono. Nikaufunga.

Mchana tulikaa kwenye vitanda vyetu tukila sambusa za Zebunissa. Jepkosgei aliniuliza kama najua alichokikosa Brampton. Nikajiandaa kwa unyenyekevu, nikidhani atasema mazungumzo. Akasema hapana, mazungumzo yako nayasikia hata nikiwa Brampton. Ni kuulizwa. Kila nikitoka zamu unaniuliza nimekula nini. Dada yangu haulizi. Kwa dada yangu natoka zamu na hakuna anayejua kama nimekula.

Sikujua kwamba huwa nauliza.

Saa kumi Félicien alisoma taarifa: bomba limezibwa, vipimo vya mvuke vinashuka, nyumba nyingi zitafunguliwa kesho. Watu wakashangilia. Bahadur akakumbatia kamati nzima. Mimi sikupiga makofi. Alisema mpaka hatari iishe. Ni mimi peke yangu pale ukumbini niliyekuwa naiombea hatari maisha marefu.

Jumapili, 11 Mei

Nyumbani. Waliingia na kipimo chumba kwa chumba, sifuri kila mahali. Tumefungua madirisha. Harufu pekee ni ya maziwa niliyoyasahau mezani Jumanne.

Jepkosgei alipitia Brampton kuchukua sanduku lake. Ameliweka chumbani, kando ya kabati. Zipu imefungwa. Nilipita pale mara sita. Imefungwa, imefungwa, imefungwa. Nikaenda kumwagilia maua, nikarudi. Imefungwa.

Nikamwuliza kwa mbali kama Brampton wana hali gani ya hewa wiki hii. Akasema sawa na hapa, Baba Karimi, ni mwendo wa dakika arobaini tu.

Dakika arobaini. Kwa nini ataje muda wa safari?

Jumatatu, 12 Mei

Tumepewa namba maalumu ya kupiga ukisikia harufu tena. Saa tatu asubuhi, Jepkosgei bado amelala, nikapiga. Nikasema harufu kali, chumba cha chini. Nilikusudia mtu mmoja mwenye kipimo, aje aseme hali bado ni ya mashaka. Walikuja magari mawili.

Félicien alizunguka chumba cha chini chote. Sifuri. Nyuma ya tangi la maji moto, sifuri. Ndani ya viatu vyangu, sifuri. Alikuwa na macho mekundu. Hajalala vizuri tangu wiki iliyopita, na hilo, nakiri, lilinigusa. Papa, akasema, nimesikia kuhusu barua zako, siku nyingine nitaandika mimi, kurasa nyingi kuliko zako. Jepkosgei alishuka na kanga yake. Bahadur alikuja kutoka kwake na birika la chai, maana mtu huyo hawezi kuona gari la zimamoto bila kuchemsha maji.

Jepkosgei akaniuliza mbele yao wote ni harufu gani hiyo.

Nikasema si harufu hasa. Nikasema nina wasiwasi kwamba hatari haijaisha vya kutosha.

Alinitazama. Bahadur akageuka kutazama tangi la maji. Halafu Jepkosgei akapanda ngazi, akarudi na sanduku, amelishika kwa vidole viwili. Akalifungua sakafuni. Tupu. Nguo ziko kabatini tangu jana mchana, akasema, ulipokuwa nje unamwagilia maua. Umeikodolea zipu siku nzima, hukufungua kabati.

Félicien akakaa kwenye ngazi akaomba chai. Tulikunywa wanne, kule chini. Jepkosgei alinishika kiwiko, akaniuliza nimekula nini leo.

Jumanne, 13 Mei

Amebaki. Viatu vyake vya zamu viko mlangoni, na jikoni anaimba.

Nimepitia matukio kwa utulivu, kama anavyopaswa kufanya mtu aliyesoma. Jumapili sikupiga simu: sanduku limefungwa, hakuna tamko lolote. Jumatatu nikapiga simu: ndani ya saa moja, tamko, mbele ya mashahidi wawili. Uhusiano uko wazi. Ni mpango wa kwanza mwaka huu kufaulu kikamilifu, na sijui kwa nini nilipoteza wiki nzima na vibuyu na chaguzi.

Ila mafuta yamekwisha, na mtu makini hategemei dharura moja. Wiki ijayo, kwa uhakika zaidi, nafikiria mafuriko. Madogo tu, chumba cha chini, yasiyozidi kifundo cha mguu.