Makaro Sita na Mpimaji wa Athari

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Mpimaji anakuja Alhamisi! Atapima athari za makaro yetu ya kufulia: za kijamii, za kiuchumi na za kimazingira. Akiziona, awamu ya pili ya mradi inapitishwa nami nabaki Mratibu wa Usanifu Shirikishi, mwenye kofia na kitambulisho cha shingoni. Asipoziona, narudi dukani kwa shemeji kupima misumari. Miaka minne niliipima. Sirudi!

Makaro yale sita niliyasanifu mimi. Pamoja na wakazi, bila shaka. Mikutano kumi na mmoja! Wao waliongea, mimi nikachora.

Jioni nikaenda kuyakagua. Laiti nisingeenda. Miezi mitatu sijafika (ripoti huandikiwa ofisini) na wameshaniharibia! Pale nilipoandika "nafasi wazi ya tafakuri" wameweka benchi la mbao za makasha. Pembeni kuna meza, na dada mmoja anawapigia watu pasi kwa malipo. Maji machafu niliyapangia mfereji ulionyooka kama rula. Wameukata katikati, maji yanakwenda kwenye tuta la mboga.

Nikamuuliza Mama Ndoo nani kawaruhusu. Huyu ndiye kiongozi wa wafuaji, na sauti yake husikika mtaa wa pili. Akasema si niliwaambia wenyewe kwamba makaro ni yao? Nilisema, ndiyo. Lakini mkutanoni! Mambo ya mkutanoni nayo mtu huyashika?

Jumanne, 4 Machi

Mpango ni huu. Mpimaji atakuja na mchoro mkononi. Atakachokikuta nje ya mchoro, lawama ni zangu. Kwa hiyo kila kitu kirudi kama kilivyochorwa.

Nimemwarifu Mama Ndoo. Amesema benchi lile limewapatanisha majirani wawili waliokuwa hawasalimiani tangu ukuta wa mmoja umwangukie kuku wa mwenzie. Na dada wa pasi ndiye anayelisha nyumba nzima sasa. Nikamwambia hayo ni mambo yao ya nyumbani, mimi nashughulika na athari. Kisha akasema fimbo ya mbali haiui nyoka, akaendelea kukamua shuka.

Mwanamke huyu ananionea wivu. Kofia yangu inamuuma.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imefanyika! Benchi nimelibeba mwenyewe hadi nyumbani. Mgongo wangu, jamani! Mke wangu amelikalia papo hapo, akasema tangu anioe sijawahi kumletea kitu cha maana kama hiki. Nikamkumbusha kuwa mimi ndiye niliyemwoa. Akasema kila mtu na kumbukumbu zake.

Meza nimeifungia stoo ya ofisi. Dada wa pasi alisimama na pasi yake mkononi, nami nikajifanya nasoma mchoro.

Tuta la mboga nimelimwagia kokoto, nikauunga tena mfereji ulipokatwa. Ajabu, maji hayakwenda. Yalisogea kidogo, yakafikiri, yakarudi makaroni. Inaonekana mfereji unapanda mlima. Kwenye karatasi haukuwa unapanda. Maji ya mtaa huu hayana nidhamu.

Nimechora pia ubao mkubwa: ATHARI, na mishale mitatu inayoelekea juu. Umependeza.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya balaa. Mpimaji ni mama mfupi mwenye mabuti na daftari. Alikuta maji ya kifundo cha mguu, makaro bila mfuaji na wanawake ishirini wamesimama, mabeseni kando, mikono kifuani. Nikamwonyesha mishale. Akauliza inapima nini. Nikasema inapima kwa ujumla.

Nikajikaza kisabuni, nikamsukuma mbele kinyozi mmoja wa mtaani, niliyemfundisha jana aseme makaro yamebadilisha maisha yake. Akasema vizuri, tena kwa machozi! Mpimaji akamuuliza anafua siku gani. Kinyozi akasema hajawahi kufua maishani mwake.

Mpimaji akawauliza wafuaji huwa wanapumzikia wapi. Mama Ndoo akasema benchi liko nyumbani kwa mratibu. Basi msafara wote ukaja kwangu! Mke wangu alikuwa amelikalia, akasimulia kila kitu, hadi niliyoyasema usingizini.

Tukarudi. Mpimaji akapiga magoti, akafukua kokoto, akakuta mboga bado zina uhai. Akahesabu mashina. Akamuuliza dada wa pasi amepiga pasi mashati mangapi wiki iliyopita. Akawauliza wale majirani wawili wanasalimiana tangu lini. Kurasa nane! Nikamuuliza kama angependa kuuona mchoro. Akaniomba nimshikie ncha ya pili ya futi kamba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha kila kitu. Mama Ndoo alisimamia. Kushoto kidogo, mratibu. Hapana, kulia. Watu walikuja kutazama na watoto wao. Nilipomkabidhi dada wa pasi meza yake, alinishukuru. Kunishukuru! Niliona aibu hadi masikio. Naiandika hapa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu! Athari za kijamii: kubwa. Za kiuchumi: kubwa. Za kimazingira: kubwa. Awamu ya pili imepitishwa! Nikaruka hadi kofia ikaanguka.

Kisha nikafungua ukurasa wa pili. Awamu hiyo itaongozwa na wafuaji wenyewe. Mratibu: Mama Ndoo. Kikwazo kilichoonekana: kimoja. Hakikutajwa jina, ila walieleza amevaa nini.

Mchana Mama Ndoo alinifuata mwenyewe. Alisema mwandiko wangu ni mzuri, nije niwe karani wao, mradi nikae benchini kwanza mwezi mmoja nisikilize, nisichore. Nikamjibu kwamba msanifu hakai benchini. Akasema haya, baba, benchi halihami.

Jumanne, 11 Machi

Dukani kwa shemeji. Misumari ileile. Lakini duka halina mpangilio kabisa! Wateja wameweka vigoda vyao mlangoni, wanakaa wanaulizana habari, wanabadilishana mafundi, ndipo wanakumbuka kununua. Saa nzima mtu anatafuta bawaba! Shemeji anasema wateja wameongezeka tangu vigoda vije. Hajui usanifu, maskini.

Nimeshachora mlango ulio wazi. Kesho nawahi kufungua. Vigoda vinatoka.