Milimita Sitini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Aibu! Leo mazoezini nimeweka tano ubavuni mwa sita. Mbele ya watu. Nikasingizia jasho. Doña Providencia, mama mkwe wangu na mwenzangu wa dhumna kwa miaka kumi na moja, aliitazama kete, akanitazama mimi, kisha akaisukuma irudi kwangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mende mezani.

Ukweli, na uishie humu daftarini: vidoti sivioni. Nne, tano, sita, vyote ukungu mtupu. Fainali ya mji wetu, Moca, ni Jumapili ya tarehe 17. Siku kumi na tatu! Mama mkwe ana miaka sabini na minane na kombe hajawahi kulishika. Mwaka jana tulikosa kwa pointi sita. Ametamka wazi, akikaanga soseji ya salami, kwamba mwaka huu hataki upuuzi.

Nahitaji miwani. Lakini mtaani kwetu duka la miwani ni moja, na mwenyewe ni Leocadio Brens. Ndiye aliyetufunga mwaka jana. Nikimwambia macho yangu yamekwisha, si sawa na kumwonyesha kete zangu zote saba?

Dawa ni kuagiza mtandaoni. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda hadi mji jirani wa La Vega kupimwa macho, kofia imeshuka hadi nyusi. Daktari akaniandikia namba zangu. Akasema karatasi niipeleke dukani wanipime pia umbali kati ya mboni, maana milimita chache zikikosewa dunia inapinda. Nikamshukuru. Dukani! Wote lao moja hawa.

Tovuti nayo inautaka umbali huo. Inashauri nipimwe na mtu mwingine. Mtu gani? Mke wangu Nurys akijua saa nne, mama yake atajua saa nne na dakika moja. Nimejifungia bafuni na rula. Jicho moja limefumba, la pili linasoma rula isiyosomeka. Mara ya kwanza: 58. Ya pili: 71. Ya tatu: 74, ila hapo Nurys aligonga mlango kuuliza kama tumbo limeniharibikia.

Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita. Nikatafuta wastani, nikaukamilisha. Milimita 68. Sayansi!

Ijumaa, 8 Machi

Kikwazo kipya. Wanataka saizi ya fremu, na mimi najuaje? Nikabuni hila: niingie dukani kwa Leocadio kama mpita njia, nijaribu fremu, nikariri namba zilizoandikwa ndani ya mkono wa fremu, nitoke. Dakika tatu.

Nikamwambia natafuta zawadi ya shemeji. Akauliza ni yupi, yule kaka wa Nurys mwenye kichwa kama tikiti? Nikaitikia, akasema basi niijaribu mimi kwa niaba yake. Nikavaa ya kahawia. Nikawa waziri kamili! Nikaivua, nikaugeuza mkono nisome namba.

Namba sizioni.

Nikaisogeza mbali. Nikaipeleka mlangoni kwenye jua. Mkono wangu ukafika mwisho. Leocadio akaja taratibu, akainama begani kwangu.

“Hamsini na mbili, kumi na nane, mia na arobaini,” akasema. “Nikuandikie kwa herufi kubwa?”

Nikajibu kwamba nilikuwa nakagua ubora wa plastiki. Akatabasamu. Tabasamu lile silipendi hata kidogo! Akaongeza kwamba kwake kupima ni bure, dakika kumi tu, na siri ya mteja haivuki mlango. Ndivyo wanavyokuvizia. Nikatoka bila kuaga, nikakaa kwenye benchi la bustani, nikatuma oda yangu huku nimeligeuzia duka lake mgongo.

Jumanne, 12 Machi

Kifurushi kiko Miami. Jana kilikuwa Miami. Juzi pia. Zimebaki siku tano.

Mazoezini natumia mbinu mpya. Vidoti vya kete vimechimbwa, kwa hiyo navisoma kwa dole gumba. Mama mkwe akavumilia raundi mbili.

“Mkwe wangu, unapapasa kete kama unachagua parachichi. Una nini?”

Nikasema ni mtindo wa Wakuba. Akasema Wakuba anaowajua yeye wanacheza kwa macho.

Halafu, akipuliza kahawa yake, akasema kwamba huenda mwakani vidole vyake visiweze tena kuzisimamisha kete saba. Alisema hivyo kama anayezungumzia mvua. Nikarudi kwenye simu kukitafuta kifurushi. Miami! Wanafanya nini huko?

Jumamosi, 16 Machi

Imefika! Nikavaa. Sakafu ikapanda upande wa kushoto. Paka ana masikio manne. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe, nikashika hewa.

Karatasi ya ndani inasema macho huzoea baada ya siku kadhaa. Nina saa ishirini na nne. Nimeivaa mchana kutwa ili yazoee kwa lazima. Mpaka sasa nimegonga friji mara mbili na kuliamkia kwa heshima zote koti lililotundikwa mlangoni. Kichwa kinapasuka. Nurys kasema nimependeza, ila kauliza kwa nini ninapoongea naye natazama bega.

Jumapili, 17 Machi

Nimerudi kutoka ukumbini sasa hivi.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Sisi wawili dhidi ya Leocadio na Fello kinyozi. Sisi pointi 189, wao 188. Wa kwanza kufika 200 ni bingwa. Raundi ya mwisho. Nimebaki na kete moja. Mezani ncha moja ni sita, nyingine mbili.

Nikaitazama kete yangu. Upande mmoja vidoti vinane, wa pili vitano. Dhumna haina nane! Nikapiga hesabu. Miwani inazidisha, basi toa mbili kila upande: sita-tatu. Dole gumba likakubali, ingawa lilikuwa chapachapa kwa jasho.

Nikaipiga mezani vikombe vikaruka. Nikasimama. “Tumemaliza!”

Vichwa vyote vikainamia meza.

Fello akauliza kama natania. Leocadio hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. “Eleuterio,” akasema polepole, “hiyo ni tano.”

Nikabisha! Nikamwita mwamuzi. Mama mkwe akanyoosha mkono juu ya meza, akanivua miwani, akavua na ya kwake yenye kamba, akanivalisha.

Tano. Safi, kama imechorwa kwa wino.

“Sita-tatu niliicheza mimi, kete yangu ya pili,” akasema. “Nyingine umeitoa wapi, mkwe wangu? Umeiagiza?”

Watu walicheka hadi nje. Kwa kosa langu raundi nzima wakapewa wao, na kombe pamoja nayo. Mama mkwe alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kwa miwani yake niliona kila kitu, hata mdomo wake ulivyokuwa ukitetemeka. Heri nisingeona.

Njiani akaniambia: “Kesho saa tatu uwe dukani kwa Leocadio. Vidole vyangu nitavikanda. Usipokwenda, mwakani nacheza na yeye.”

Jumatatu, 18 Machi

Nimekwenda. Leocadio kanipima: 59. Akauliza 68 niliitoa wapi. Nikaeleza habari ya wastani. Akakaa chini kwanza. Akasema huo ni umbali wa macho ya ng'ombe. Kisha akasema kombe la jana halina ladha, na kwamba tukiwa tayari turudie mechi uani kwake, atakayeshinda alichukue kombe. Natafuta mtego uko wapi.

Jumanne, 26 Machi

Naona! Miwani ya Leocadio iko usoni, dunia imenyooka. Mama mkwe kanionyesha kete kumi na nne kutoka upande wa pili wa meza. Nimezitaja zote. Akanipakulia ukoko wa wali wa chini kabisa ya sufuria, ule asiompa mtu. Somo nimelielewa: mambo ya mwili mwachie aliyesomea, akutazame ana kwa ana. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Saa tisa nikapita mbele ya kabati la Nurys lenye kioo.

Nywele zangu ziko wapi? Paji la uso limefika utosini! Tangu lini? Na hakuna aliyeniambia! Kinyozi ni Fello, na Fello akijua atatangaza Moca nzima. Hapana. Kuna tovuti wanauza nywele za bandia, wanaleta hadi mlangoni, kimya kimya. Rangi nimechagua kwa kutazama picha. Mzunguko wa kichwa wanataka upimwe na mtaalamu.

Nimekadiria.