Maombi ya Dakika Mbili za Mnara kwa Ajili ya Maksai Karani

Adolfu Sikazwe,
Mkulima, mwenye maksai wawili,
Mpui, Sumbawanga Vijijini.
Jumatatu, 13 Aprili 2026.

Msimamizi wa Minara,
Kampuni ya Simu ya Fikisha,
Sumbawanga Mjini.

YAH: MAKSAI WANGU KUNYIMWA MTANDAO

Ndugu Msimamizi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mafundi wako wanaopanda mnara kwa upepo huu wa Ufipa, ambao mimi hunitoa kofia nikiwa nimesimama chini tu.

Nilianza maisha na jembe la mkono. Leo nina plau, maksai wawili na nyumba ya bati, na sijawahi kumwandikia mtu barua ya kuomba. Ukiona naandika, ujue limenifika shingoni. Kwa kweli limemfika Karani shingoni.

Karani ni maksai wangu wa upande wa kulia. Binti yangu Justa, aliyekuwa akimchunga, ameolewa Namanyere. Kwa hiyo nilimnunulia Karani mkanda wa shingoni wenye laini yenu ndani yake. Kila baada ya dakika kumi mkanda hutuma meseji ya herufi arobaini kwenye kitochi changu kunieleza Karani yuko kwenye shamba la nani; mwuzaji aliutia majina ya mashamba yote ya jirani. Mkanda hauimbi, haupigi picha, hauchezi video. Uwezo wake ni mdogo na haujifanyi mkubwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnara wenu hauna foleni. Kwenye mashine ya kusaga hapa Mpui, mwenye gunia akimwona mama kaja na sado moja, humpisha. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila mtu akikataa, watu humtazama mpaka anapisha. Mnarani kwenu wenye magunia wanasaga kutwa nzima, na maksai wangu amesimama mlangoni na sado yake.

2. Adabu inaadhibiwa. Mkanda, ili usimalize betri, hulala. Kila dakika kumi huamka, hupiga hodi mara moja kwa sauti ndogo, ukikosa jibu hulala tena. Simu za kupangusa hupiga hodi mara mia kwa sekunde mpaka zifunguliwe. Nilipowapigia huduma kwa wateja, dada aitwaye Jenifer alinijibu, "Shikamoo baba. Tatizo ni kifaa chako, nunua chenye uwezo mkubwa." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwuliza kama na maksai nimnunue anayeangalia mpira. Akaniweka kwenye muziki.

3. Nafasi ya kumpelekea Karani matangazo mnayo. Mkanda huniletea kila unachopokea, na mwezi uliopita ng'ombe wangu alipata meseji 37 zinazoanza na "Ndugu mteja". Mmemshauri aweke wimbo wa kumwitia. Mmempongeza kwa siku yake ya kuzaliwa, ambayo mimi niliyeshuhudia akizaliwa siikumbuki.

4. Hili ndilo lenyewe. Juzi Jumamosi Mary wa Mzee Loth aliolewa hapa kijijini. Nilikuwepo. Nilihesabu simu 61 hewani, zote zikirusha harusi ile ile kwa ndugu wa kijiji cha Kate, ambao nusu yao walikuwa wamekaa meza ya pili. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni sikupata meseji hata moja kutoka kwa Karani. Saa nne mara sita ni meseji 24. Kwa herufi, ni 960, hazijazi hata ukurasa wa daftari. Mwuzaji aliniambia dakika moja ya video ni herufi milioni kumi. Nimegawanya mwenyewe: dakika moja ya bwana harusi kulishwa keki ingemtosha Karani miaka minne na miezi tisa.

Katika saa hizo nne, jirani yangu Oswaldi anadai Karani alikula ulezi wake. Alikuja hadi kwangu na kusema mbele ya mke wangu Dominika, "Bwana Adolfu, ng'ombe wako ana simu lakini hana adabu." Dominika akacheka, jambo ambalo nitalishughulikia kwa barua nyingine. Baraza la kata linakaa Alhamisi saa tatu asubuhi, na Oswaldi anataka Karani ahamie kwake msimu wote ujao wa kulima. Maksai mmoja havuti plau. Nitarudi kwenye jembe la mkono, nikiwa na miaka hamsini na nane.

5. Kwa sababu hizo naomba mgawanye kila saa ya mnara hivi: dakika mbili za maksai, dakika nne za vitochi, na dakika 54 wabaki nazo watu wa video. Hiyo bado ni tisa kwa kumi, wasilie. Harusini, simu zikusanywe mlangoni kama viatu. Na maksai wa kata hii wapewe mwakilishi kwenye vikao vyenu. Niko tayari kumsindikiza.

6. Meseji 24 zitafutwe kokote zilikokwama. Ushahidi utatoka kwa ng'ombe mwenyewe. Nimekwisha kuingiza kwenye mkanda namba ya katibu wa baraza, Bi. Kristiana, ili zimfikie moja kwa moja, mtu asiseme nimezipika.

Wasalimie mafundi, walinzi wa minara, na Jenifer, ambaye sina kinyongo naye. Karani hajambo.

Wako katika kusubiri mtandao,

Adolfu Sikazwe

N.B. Leo Jumanne jioni, kabla sijaifunga bahasha, fundi wenu amepita kugusa mnara, na meseji zote 24 zimeingia kwa mpigo. Mbili zinasema "shamba la Adolfu". Ishirini na mbili zinasema "shamba la Oswaldi, ulezi".

Nimefikiri upya. Video ni maendeleo, na vijana wasibanwe. Bi. Kristiana yuko Kate kwa mama yake, kitochi chake kimezimwa, atakiwasha Alhamisi asubuhi akishuka kwenye basi. Barua hii naileta mwenyewe kesho. Naomba Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi baraza liishe, mtoe bando la video la bure kwa kata nzima, na fundi yule asikaribie mnara.