Jiwe la Sanaa

Jumatano, 12 Machi 2025
Asubuhi sikuwa msanii. Sasa ni msanii! Nimeona kwenye simu mtu wa Ulaya asiyechora wala kuchonga. Anaandika maelekezo tu, wengine wanayafuata, na hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Renatus na makopo yake ya rangi, kwisha habari yao! Anachora kuku kwenye mabango ya hoteli hapa Endasak, na Ernestina anawasifia kuku hao mbele yangu. Jumapili mshenga wangu anakwenda kwa baba wa Ernestina, Mzee Gidamis, kuniposea. Kabla ya hapo lazima nijulikane.

Alhamisi, 13 Machi
Nimechagua maelekezo haya: “Beba jiwe kubwa, vuka nalo barabara. Lirudishe. Endelea mpaka jua lizame. Usiseme neno na mtu yeyote.” Safi sana! Ernestina aliuliza jiwe ni la kujengea nini. Nikamwambia ni la sanaa. Akasema, “Haya.”

Ijumaa, 14 Machi
Siku ya soko. Watu walijaa! Bodaboda wakapiga honi. Mama mmoja alitaka kunitua, nikakataa kwa kichwa. Mgongo ukaniuma vibaya. Ndipo akaja Mzee Gidamis na fimbo yake, akasimama mbele yangu kusubiri shikamoo. Lakini maelekezo ni maelekezo! Nikamtolea macho yenye heshima zote. Akasubiri tena. Nikampita na jiwe langu. Renatus, mnafiki yule, akashuka kwenye ngazi na brashi mkononi, akampa shikamoo ya kusikika hadi Gitting.

Jumapili, 16 Machi
Mshenga amerudi mapema mno. Mzee anasema mimi ama sina adabu ama nina kichaa, bado hajaamua. Nililia kidogo. Kisha nikaenda mwenyewe, shikamoo nikaanza kuitoa tangu njiani, nikamweleza sanaa yote. Akaomba kalamu. Akaandika nyuma ya karatasi yangu ya maelekezo: “Palilia maharage yangu yote mpaka bondeni. Usiseme neno. Ukimaliza tutazungumza.” Mzee ni msanii mwenzangu!

Jumatatu, 17 Machi
Shamba halina mwisho! Niliogopa Ernestina atachoka kunisubiri, nikamwandikia Renatus maelekezo, naye ajifunze sanaa ya kisasa: “Kaa na Ernestina kivulini. Mchekeshe. Usimwache peke yake mpaka nimalize kupalilia.” Ameyafuata neno kwa neno! Nimewasikia wakicheka mchana kutwa. Mzee mwenyewe amewapelekea chai. Kumbe Renatus ana kipaji, alikosa mwalimu tu.